Juu Pako, Chini Pao

Ukikaa nusu saa kwenye kibanda cha fundi simu pale Kakola, mji uliochipua ubavuni mwa mgodi wa Bulyanhulu, utasikia malalamiko ya aina tatu. Kuna kioo kilichopasuka, kuna chaji isiyokaa, halafu anakuja mtu ambaye simu yake ni nzima kabisa, haina ufa na inawaka vizuri. "Fundi, inaniambia memori imejaa, na mimi sijaweka kitu." Fundi haulizi zaidi. Anafungua mipangilio, anaingia sehemu ya hifadhi, anamgeuzia mteja kioo ajionee mwenyewe: picha kidogo, nyimbo kidogo, kisha mstari mrefu wa programu na mfumo. Mteja anapitisha kidole kwenye orodha. Nusu ya majina hayajui.

"Hii ni ya nini?"

"Imekuja na simu."

"Na hii?"

"Nayo imekuja na simu."

"Sasa mbona mwaka jana haikujaa?"

"Mwaka jana zilikuwa nyembamba."

Sisi tunaojiona tunazijua simu huwa tunamcheka anayesema hajaweka kitu. Tunadhani amezisahau video za harusi alizorushiwa, au anaona haya kusema. Lakini ukifuatilia namna simu inavyojaa, utakuta mteja huyu yuko karibu na ukweli kuliko sisi tunaomcheka. Kwa sehemu kubwa kweli hajaweka kitu. Amewekewa.

Tuanze na hesabu, maana ndiko ubishi wote unakoanzia. Chukua simu iliyoandikwa GB 16 kwenye boksi, ya daraja ambalo kijana anayesaga mawe ya dhahabu kwenye karasha au mama muuza samaki wa Kakola anaweza kulimudu. Mtengenezaji anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili. Kompyuta kwa desturi yake huhesabu kwa mafungu ya 1,024, hivyo GB 16 za boksi zinasomeka 14.9. Hilo ni punje tu. Baada ya hapo Android yenyewe inachukua fungu lake, pamoja na programu zote zilizopakiwa kiwandani. Siku ya kwanza mnunuzi anabakiwa na kama nusu ya alichokilipia, au zaidi kidogo. Hapo bado hajapiga hata picha moja.

Makato ya tatu ndiyo yasiyoonekana, na ndiyo hasa kiini cha malalamiko ya kibandani. Hifadhi ya simu imegawanywa. Kuna sehemu ya mfumo, iliyofungwa, ambayo mtumiaji haandiki humo wala hafuti. Programu za kiwandani, kama vile ramani, barua pepe, kivinjari, video na kibodi, zimelala huko. Kisha kuna sehemu ya mtumiaji, ile nusu iliyobaki. Programu ya kiwandani inapopata sasisho, sasisho hilo haliwezi kuandikwa juu ya nakala ya zamani, kwa sababu sehemu ya mfumo imefungwa. Linakwenda kukaa kwenye sehemu ya mtumiaji. Nakala ya zamani haiondoki. Inabaki kule ndani imelala, haifanyi kazi na haimpishi mtu. Kwa hiyo programu ambayo siku ya kununua simu ilikuwa kwenye eneo la kiwanda, baada ya sasisho la kwanza imehamia kwenye eneo lako. Zidisha hilo kwa programu kumi, kumi na tano, ishirini. Kila moja inarudi baada ya wiki chache ikiwa nene zaidi.

Kwa mtu wa ukanda huu, kutoka Kahama hadi Geita, mpangilio wa namna hii si mgeni. Sheria ya Madini inasema madini yaliyo ardhini ni mali ya umma chini ya dola, na leseni ya kuyachimba yaweza kutolewa kwa mtu mwingine hata kama shamba la juu unalilima wewe na alililima babu yako. Juu ni pako, chini si pako. Bulyanhulu wanalijua hilo kwa uchungu: Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa kwenye eneo ili kupisha mgodi mkubwa, na mgodi ukaanza uzalishaji mwaka 2001 chini ya Barrick. Silinganishi uchungu ule na simu kujaa. Yeyote atakayelinganisha atakuwa amekosa adabu. Ninachochukua hapo ni umbo la haki tu. Anayenunua simu anapewa uso wake, na sehemu ya chini ina mwenye leseni mwingine anayeingia na kutoka kwa ratiba yake. Tofauti ni kwamba kwenye ardhi sheria inataja fidia.

Mambo mengine mawili ya kiufundi yanaongeza uzito. Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, mfumo ulianza kuitafsiri programu mapema na kuihifadhi katika lugha ya mashine ili ifunguke haraka, na tafsiri hiyo nayo inakula nafasi. Android 7.0 ya mwaka 2016 ilipunguza mtindo huo kwa kutafsiri zaidi zile sehemu zinazotumika mara kwa mara. Vilevile sasisho linahitaji nafasi ya kupumulia: faili jipya lazima lishuke na kukaa mahali kabla la zamani halijaondolewa. Ni kama kuhamisha vyombo kwenye chumba kimoja cha kupanga. Lazima upate pa kuviweka vipya kabla hujatoa vikuukuu. Simu iliyobakiwa na MB 300 haina pa kuviweka. Sasisho linashuka, linashindwa kuingia, na kesho linajaribu tena. Bando limekwenda na kilichokusudiwa hakikufanyika.

Bando ndilo linalonileta kwenye neno Wi-Fi. Kwa kawaida Play, duka la programu la Google, husasisha programu simu ikiwa imetulia, inachajiwa na iko kwenye Wi-Fi. Aliyebuni kanuni hiyo alikuwa na nyumba akilini mwake, yenye intaneti ya mwezi mzima isiyohesabiwa. Ilete Kakola uone inavyogeuka. Mchimbaji ameteremka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, simu ameiacha ghetto kwenye chaji. Imetulia kuliko simu zote duniani. Wi-Fi iliyopo ni ya mpangaji mwenzake mwenye kirauta cha laini, aliyejiunga kifurushi cha wiki. Kirauta kile hakiiambii simu kwamba MB zake zinahesabika. Simu inaona Wi-Fi na kudhani imefika Ulaya. Alfajiri mwenye kirauta anaamka kifurushi kimekwisha, na wapangaji watatu wanaapa kwamba walikuwa wamelala. Wote wanasema kweli. Android ina mahali pa kuitambulisha Wi-Fi fulani kuwa mtandao unaopima data, na simu ikishajua hivyo inajizuia. Ni hatua ya sekunde kumi. Imefichwa ndani ya jina la mtandao, ndani ya mipangilio ya kina, mahali ambapo hakuna anayepita bila kutumwa.

Kisa kinachoonyesha vizuri gharama ya kubahatisha hivyo kilitokea mbali kidogo na hapa, ndani ya Afrika. Mwaka 2016, wakati Microsoft ikisambaza Windows 10, zilitoka habari za mradi wa hifadhi wa Chinko katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, watu wanaolinda wanyama dhidi ya majangili wenye silaha. Kompyuta zao zilikuwa kwenye intaneti ya setilaiti, ya polepole na ghali mno, na mashine zikaanza kujishushia mfumo mpya wenye uzito wa GB kadhaa bila wao kuuomba. Mwaka huohuo mfanyabiashara mmoja wa California alilipwa dola 10,000 na kampuni hiyo baada ya kushitaki kwamba mfumo mpya ulijiingiza na kuiharibu kompyuta yake ya kazi. Mmoja alikuwa na mahakama jirani. Wa Chinko walikuwa na wanyama wao tu.

Ukitaka ushahidi kwamba hata matajiri hawapendi kuwekewa vitu, rudi Septemba 2014. Apple ilitoa albamu mpya ya kundi la U2 bure kwa akaunti zipatazo milioni 500 za iTunes. Wengi waliikuta imekaa kwenye simu zao bila kuombwa ruhusa, na kelele zikawa kubwa kiasi kwamba kampuni ililazimika kutengeneza ukurasa maalumu wa kuifuta. Ilikuwa albamu moja tu, mara moja tu. Mwenye simu ya GB 16 Kakola anapokea albamu yake kila wiki, na haina hata nyimbo.

Kuna jambo linalohusu hasa soko letu. Simu zilizojaa kwenye vibanda vya Kahama na Geita ni Tecno, Itel na Infinix, zote za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, China. Kwa haki kabisa, kampuni hii iliifahamu Afrika mapema: laini mbili, betri kubwa, kamera inayoijali ngozi nyeusi. Simu zake huja pia na programu za nyumbani kwake, pamoja na duka lake la programu, kando ya lile la Google. Mteja anayeambiwa na fundi azime masasisho ya Play anazima mlango mmoja tu. Wa pili uko wazi na hana habari nao. Kwamba mlango wa pili si jambo la kudharau ilionekana Agosti 2020, pale uchunguzi ulipogundua programu hasidi zilizopachikwa tangu mwanzo kwenye simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Ghana, Afrika Kusini na kwingineko, zikijiandikisha kwenye huduma za kulipia na kumaliza salio la mwenye simu. Kampuni ilisema kosa lilikuwa la mtoa huduma katika mnyororo wa usambazaji. Yawezekana. Aliyekatwa salio hakuwa na namna ya kujua mnyororo unaanzia wapi.

Waswahili tumesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Programu za kiwandani ni wageni walioingia kabla ya mwenye nyumba, hawashiki jembe, na ukiwasogelea kwenye mipangilio unakuta kitufe cha kuwaondoa kimefifia. Kilichobaki ni "Zima" na "Ondoa masasisho". Hicho cha pili ndicho ufunguo wa fundi wa Kakola. Anakibonyeza kwenye programu moja baada ya nyingine, zinarudi kwenye unene wa kiwandani, na simu inapata nafasi bila picha hata moja kufutwa. Mteja anafurahi, analipa, anaondoka. Fundi asipokumbuka kuzima masasisho ya kiotomatiki kwenye milango yote miwili, mteja huyo atarudi. (Sisemi kwamba kuna mafundi wanaosahau kwa makusudi. Nimesema tu kwamba atarudi.)

Lakini lazima nimtendee haki pia mshitakiwa, maana fundi naye hukosea anapolitupia sasisho lawama zote. Ukifungua simu nyingi utakuta mzigo mkubwa zaidi ni WhatsApp, na si programu yenyewe bali kinachopita ndani yake. Isipobadilishwa, WhatsApp hushusha picha zenyewe hata kwenye data ya simu, na kwenye Wi-Fi hushusha kila kitu, video zikiwemo. Mtu wa hapa yuko kwenye kundi la kikoba, kamati ya harusi, kwaya, ukoo, wafuatiliaji wa bei ya dhahabu, na jingine lililoundwa kwa ajili ya msiba ambalo hakuna anayejua namna ya kulifunga. Kila "Asubuhi njema" yenye maua ni faili. Ila tofauti ipo: picha ya maua unaiona, unaijua ilikotoka, unaweza kuifuta ukiwa umeudhika. Kundi unaweza kulitoka, ingawa shangazi atauliza. Sasisho halina shangazi wa kumuuliza.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni usalama, na hii haistahili kupitwa juu juu. Mwaka 2015 uligunduliwa udhaifu ulioitwa Stagefright, ambao uliacha mamia ya mamilioni ya simu za Android katika hatari ya kuvamiwa kwa ujumbe wa picha tu. Mei 2019 WhatsApp iliwataka watumiaji wake wote, bilioni moja na nusu wakati ule, kusasisha haraka, kwa sababu simu ya kupigiwa tu, hata isipopokelewa, ingeweza kupandikiza programu ya ujasusi. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta za hospitali za Uingereza, na dawa yake Microsoft ilikuwa imeitoa tangu Machi. Walioumia ni wale ambao hawakusasisha. Nchini kwetu simu ndiyo benki. Mwenye kukaa na programu mbovu ya pesa kwa sababu anabania MB 60 anafanya biashara mbaya. Ni kweli pia kwamba tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 na kuzuia ndege kuruka, kwa hiyo dawa nayo huua. Pamoja na hayo, siwezi kumshauri mtu azime kila kitu na kukaa hivyo.

Hapa ndipo ninapoona kasoro yenyewe ilipo. Neno moja, sasisho, limebebeshwa vitu viwili visivyohusiana. Kuna kiraka cha usalama, mara nyingi kidogo kwa ukubwa, ambacho mtumiaji anakihitaji hata asipokiomba. Kuna na nyongeza: vibonzo vipya, video fupi ndani ya programu iliyokuwa ya meseji, matangazo yanayojicheza, kitufe kilichohama upande. Vyote vinafungwa kwenye furushi moja na kuandikwa maelezo yaleyale kila wiki, kwamba hitilafu zimerekebishwa na utendaji umeboreshwa. Kukataa kimoja ni kukataa vyote. Na angalia kinyume chake kwenye simu za bei nafuu: viraka vya mfumo wenyewe, vile vinavyoziba matundu makubwa, huja kwa mwaka mmoja au miwili kisha vinakoma, na kwenye baadhi ya simu haviji kabisa. Nyongeza za programu haziishi. Kinachohitajika hakifiki, na kinachofika hakikuhitajika.

Sijui mahali pengine Tanzania ambapo watu wangelielewa furushi hili haraka kuliko Bulyanhulu. Dhahabu ya mgodi huu imechanganyika na shaba, na sehemu yake ilisafirishwa nje kama makinikia, mchanga mzito ndani ya kontena, kwenda kuyeyushwa ng'ambo. Machi 2017 Rais John Magufuli alipiga marufuku usafirishaji huo. Kontena 277 zilikuwa bandarini Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikatoa ripoti Mei, ya Profesa Nehemiah Osoro ikafuata Juni, na nchi nzima, hadi wauza kahawa, ikajifunza kuuliza swali moja: ndani ya kontena kuna nini, na kiasi gani? Ubishi juu ya hesabu za kamati zile ni mrefu na sitauingia. Ulimalizika kwa makubaliano, na Januari 2020 ikaidhinishwa rasmi Twiga Minerals, kampuni ya ubia na Barrick, serikali ikiwa na asilimia 16. Kilichobaki vichwani mwa watu ni ile tabia ya kutokubali karatasi ya mzigo inayosema "mchanga" bila kufafanua. Sasisho linaloingia kwenye simu kila wiki lina karatasi ya mzigo inayosema "maboresho".

Kwa nini wenye programu hawatenganishi? Sababu zao si za siri. Kutunza tawi moja la programu ni nafuu kuliko kutunza mawili, la viraka na la nyongeza. Kuwa na watumiaji wote kwenye toleo moja kunarahisisha matengenezo. Na nyongeza ndizo zinazoleta mapato, maana matangazo mapya yanahitaji vyombo vipya vya kuyaonyesha. Uzito wa programu ni gharama ambayo aliyeitengeneza hailipi. Niklaus Wirth, mwanasayansi wa kompyuta wa Uswisi, aliandika mwaka 1995 kwamba programu zinazidi kuwa nzito na za polepole kwa kasi kuliko mashine zinavyoongezeka kasi. Wakati huo alikuwa akilalamikia kompyuta za mezani. Mwaka 2017 Google yenyewe ilieleza kuwa wastani wa ukubwa wa programu kwenye duka lake ulikuwa umeongezeka mara tano tangu mwaka 2012, na kwamba kila MB 6 zinazoongezwa hupunguza kwa asilimia 1 idadi ya wanaokamilisha kuipakua. Yaani wanajua. Takwimu hiyo, ukiitazama vizuri, inahusu mtu anayeingia, ambaye bado ana hiari. Aliyekwisha kuingia, anayenenepeshewa programu polepole, hayumo kwenye hesabu.

Majaribio ya kupunguza mzigo yamekuwepo, na mengine ni ya kweli. Facebook Lite ilizinduliwa Juni 2015 ikiwa haifiki MB 1. Leo imeshanenepa, kama mtoto wa kumwachisha ziwa aliyepelekwa kwa bibi. Desemba 2017 ilikuja Android ya Go kwa simu zenye RAM ya GB 1 au chini yake, na baadaye kima cha chini chenyewe kikapandishwa hadi GB 2. Tangu Agosti 2021 programu mpya kwenye Play lazima zipakiwe kwa namna inayoiwezesha simu kushusha sehemu inayoihusu tu, badala ya lugha zote na vipimo vyote vya vioo. Hilo limesaidia kuliko linavyosifiwa. Mwaka 2023 ukaongezwa uwezo wa kuhifadhi programu isiyotumika kwa kuondoa mwili wake na kuacha ikoni na data, jambo ambalo Google ilisema hurudisha hadi asilimia 60 ya nafasi ya programu hiyo. Ni huduma nzuri, ila inazigusa programu ulizoweka mwenyewe. Wale wageni wa kiwandani wanaendelea kukaa.

Huduma moja tu ndiyo iliyotatua tatizo hili kabla halijazaliwa, na iko kwenye kila simu hapa. Ukipiga *150*00# au *150*60#, menyu ya pesa inakuja kutoka kwenye mtandao wenyewe. Haikai kwenye simu. Haina uzito, haiombi nafasi, inafanya kazi kwenye kitochi cha bei ya chini kabisa. Watu wa mjini wanaiona ya kizamani. Kwa upande wangu ni mojawapo ya maamuzi ya busara kuliko yote yaliyowahi kufanywa katika mawasiliano Afrika Mashariki: mzigo wote uko kwa mwenye huduma, na mabadiliko yanafanyika kwake, kwenye mashine zake, kwa gharama zake.

Je, dola ina kazi hapa? Ulaya imeamua inayo. Oktoba 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliipiga Apple faini ya euro milioni 10 na Samsung euro milioni 5, kwa kuwasukuma wateja kwenye masasisho yaliyozorotesha simu zao bila kuwaeleza athari wala namna ya kurudi nyuma. Tangu Machi 2024 sheria ya masoko ya kidijitali ya Umoja wa Ulaya inazilazimisha kampuni kubwa kumruhusu mtumiaji kuziondoa programu alizoletewa na simu. Korea Kusini, nyumbani kwa Samsung, ilitoa mwongozo wa namna hiyo tangu mwaka 2014. Kumbe kitufe kilichofifia hakikufifia kwa sababu za kiufundi.

Tanzania haijawa nyonge kwenye mambo ya simu ilipoamua. Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima. Aprili 2021 vifurushi vipya vilipotangazwa na bei kuonekana zimepaa, kelele za wananchi zilitosha kuvisimamisha mara moja. Kelele za namna hiyo hazijawahi kupigwa juu ya hifadhi, pengine kwa sababu bando lina bei iliyoandikwa na hifadhi haina. Simu haiingii sokoni kihalali bila kuidhinishwa na mamlaka hiyo, kwa hiyo mlango upo. Ningependa kuona mstari mmoja tu ukiongezwa kwenye boksi, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka: nafasi iliyobaki kwa mnunuzi siku ya kwanza, na miaka ambayo viraka vya usalama vitakuja. Muuzaji wa nyama anapima na mfupa, ila mfupa unauona kwenye mizani.

Mpaka hapo, anayesoma haya akiwa na simu inayolia afanye hivi. Azime masasisho ya kiotomatiki kwenye Play, kisha atafute duka la pili la mtengenezaji na kulizima pia. Aondoe masasisho ya programu za kiwandani asizozifungua, halafu azizime kabisa zisirudi. Azuie WhatsApp kushusha picha na video zenyewe. Kisha achague siku moja kwa mwezi asasishe kwa mkono vitu vichache: programu za pesa na benki, WhatsApp, kivinjari, na mfumo wenyewe kama umejaliwa kupata kiraka. WhatsApp asiisahau, kwa sababu toleo lake lina tarehe ya mwisho. Ukilikalia sana linakufungia nje, na simu za Android zilizo chini ya 5.0 zilikwisha kufungiwa mwaka 2025. Kadi ya memori itasaidia kwa picha na nyimbo. Kwa programu haisaidii sana, na kadi za bei ya kutupa nazo husema uongo juu ya ukubwa wake.

Wachimbaji wengi wa huku wana suluhisho lao ambalo halikungoja mtu. Wanatembea na simu mbili. Simu janja inabaki chumbani, ya picha na makundi, imejaa au haijajaa. Kwenye mfuko wa shati kuna kitochi chenye laini ya pesa, kinachodumu na chaji siku nne na kuvumilia vumbi la karasha. Kitochi nacho hujaa, tusidanganyane; kikasha chake cha meseji kina kikomo, na kikifika mwisho kinakataa kupokea. Mwenyewe anakifungua, anapitia moja moja, anaacha ile ya "umepokea" na ile ya mama yake, anafuta za matangazo.